Bima ya Mkono wa Siwema

Nchi hii haiko mbali, ila msiitafute kwenye ramani. Waliopewa kazi ya kuichora walilipwa nusu, nao wakachora nusu. Inatosha mjue kwamba ni nchi yenye huruma kupita kiasi. Ina Wizara ya Huruma, ina Naibu Waziri wa Huruma Vijijini, na kila mwaka husimamisha mabango makubwa barabarani ili wananchi wasije wakasahau jinsi wanavyohurumiwa.

Katika kiwanda cha magunia cha nchi hiyo alifanya kazi mwanamke mmoja, Siwema binti Machano. Kwa miaka kumi na sita alishona midomo ya magunia. Alikuwa akikunja pindo kwa mkono wa kulia, akilisukuma chini ya sindano nene kama msumari, anavuta, anatupa, anachukua lingine. Aliijua mashine yake, namba saba, kama mtu anavyomjua mume mwenye hasira, wakati wa kuisukuma na wakati wa kuiacha itulie.

Mume wake halisi, Faki, hakuwa na hasira. Alikuwa mbebaji mizigo katika kiwanda hichohicho mpaka siku robota la mkonge lilipomwangukia mgongoni. Tangu siku hiyo alikaa juu ya godoro karibu na mlango, akisuka kamba. Faki naye alikatwa bima kwenye mshahara miaka tisa. Alipopelekwa kudai, afisa alimuuliza kama anaweza kukaa. Faki, mtu mkweli, akasema ndiyo, akiegemezwa.

"Basi unaweza kazi ya kukaa," afisa akaandika.

"Kazi gani hiyo ya kukaa, bwana?"

"Zipo."

Wakampa kalenda ya ukutani, yenye picha ya Mkurugenzi Mkuu wa Ofisi ya Bima akitabasamu, miezi kumi na miwili, tabasamu lilelile. Watu wa huko wana msemo wao, mtu akizungushwa husema amepigwa kalenda. Faki ndiye wa kwanza kukabidhiwa yenyewe mkononi.

Sasa, mwaka ule Bunge likapitisha Sheria ya Uhuru wa Kuchagua. Kila mfanyakazi alilazimishwa kuchagua kwa hiari yake mpango mmoja kati ya mitatu ya kulinda kipato chake akipata ulemavu. Atakayekataa kuchagua kwa hiari angefungwa miezi sita.

Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Dakta Balozi Mstaafu Kilua, alikuja kiwandani kuizindua. Alipanda jukwaani akafuta jasho kwa kitambaa cha hariri.

"Ndugu wafanyakazi! Vipato vyenu ni mboni ya jicho letu. Mkiumia ninyi, tunaoumia ni sisi. Kwa hiyo nawasihi, jitahidini msituumize!"

Wakapiga makofi. Msimamizi alikuwa amesimama na daftari, akiandika ambao hawapigi.

Mipango ilikuwa na majina matamu: Faraja, Faraja Zaidi na Faraja Kamili. Wa kwanza fomu yake ilikuwa ya kijani, wa pili ya manjano, wa tatu nyekundu. Mkataba ulikuwa mmoja, kurasa mia na kumi na tatu, na kwa kiwanda kizima kilikuja kitabu kimoja, kikafungwa kwa mnyororo wa baiskeli kwenye nguzo ya getini ili kisiibiwe na wapenda elimu. Wafanyakazi mia sita walipewa siku tatu.

Watu wakachagua kwa rangi. Wangefanyaje? Mashavu, aliyekuwa mashine namba nane, jirani na rafiki wa Siwema tangu usichana, alichukua kijani.

"Inaendana na khanga yangu," alisema, akicheka. "Wewe je, shoga?"

"Mimi nasoma kwanza."

"Unasoma nini?"

"Mkataba."

Mashavu akaacha kucheka. Akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Siwema aliishia darasa la saba, na alisoma kwa kufuata mstari na kidole, midomo ikicheza. Lakini alisoma. Kila saa ya chai aliacha kikombe akaenda kusimama kwenye nguzo, juani. Siku ya kwanza mlinzi alimwonea huruma. Siku ya pili akamwonea mashaka. Siku ya tatu, Siwema alipoomba aongezewe siku kwa kuwa amefika ukurasa wa sitini na moja tu, msimamizi alipiga simu Ofisi ya Bima kutoa taarifa kwamba kuna mfanyakazi anasoma.

Ofisi ikamtuma karani wake, Bwana Msabaha, mtu mwembamba mwenye tai fupi. Hakuwa mbaya. Alikuwa tu ameajiriwa.

"Mama, nimeambiwa unasoma," alisema kwa sauti ya kumliwaza mgonjwa.

"Nasoma, kaka."

"Unatafuta nini humo?"

"Natafuta nikiumia nitalipwa nini. Hebu nisaidie. Hapa kwenye kijani wameandika nitalipwa nikishindwa kufanya kazi yoyote. Huku kwenye nyekundu wameandika mdai alipwe akishindwa kufanya kazi yake. Yake nani?"

Msabaha akainama, akasoma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona kitabu kile kikiwa wazi. "Yake yeye. Yako wewe."

"Yaani hii ya kushona."

"Hiyohiyo uliyokuwa ukiifanya siku ulipoumia."

"Kwa hiyo nikichukua kijani, mkono ukakatika, lakini nikaweza kulinda kuku wasile mpunga, silipwi."

"Inaelekea hulipwi."

"Na huyo asiyeweza kazi yoyote chini ya jua, hata kulinda kuku, ni mtu gani?"

Msabaha akafikiri kwa haki. "Marehemu," alisema mwishowe.

"Na marehemu analipwa?"

"Hapana, mama. Hiyo ni bima nyingine."

Siwema akafunga kitabu polepole. Aliona mgongo wa Faki, aliona kalenda. Kumbe hawakumdanganya mumewe. Walimwandikia kila kitu, wakijua hakuna atakayesoma. 

Jioni alimweleza Faki yote. Kwamba manjano ni kijani kilekile, ila ukikubaliwa unalipwa miezi sita basi, kana kwamba kiungo huota upya baada ya miezi sita. Kwamba nyekundu inalipa baada ya kusubiri siku tisini, mpaka umri wa kustaafu, lakini makato yake ni makubwa, yatakula sukari yote ya mwezi na samaki wa Ijumaa.

"Chukua nyekundu," Faki alisema bila kuinua macho kwenye kamba yake. "Hapa ndani anayeweza kuanguka amebaki mmoja."

Siwema akaweka dole gumba la kulia kwenye wino, akaligandamiza kwenye fomu nyekundu. Kisha akamwonyesha Msabaha ukurasa wa tatu, pasemapo mwenye Faraja Kamili ana haki ya kupewa nakala yake. Ofisi haikuwahi kuombwa nakala. Ilichukua wiki tano, na ilipokuja ilikuwa imefungwa kwa utepe, na barua ya Mkurugenzi inayomshauri asiisome akiwa peke yake.

*

Mwaka wa pili wa kunywa chai chungu, Waziri wa Huruma alitangaza kwamba angetembelea kiwanda. Kila mashine ilikuwa na kikinga cha chuma cha kuzuia mkono usivutwe ndani. Vikinga vyote vikafunguliwa, vikapakwa rangi za bendera, vikatundikwa ukumbini kama kielelezo cha usalama kazini. Waziri akavitazama, akavisifu sana, akaondoka. Vikabaki ukumbini, kwa kuwa vilipendeza.

Siku ya nne baada ya ziara, uzi ulinasa. Siwema alipeleka mkono kuunasua kama alivyofanya mara elfu, akitegemea chuma ambacho hakikuwepo.

Hakusikia maumivu mwanzoni. Alisikia Mashavu akipiga kelele, akajiuliza Mashavu amepatwa na nini. Kisha akaliona gunia, na rangi yake. Mashavu alivua khanga yake akamfunga mkono, akamkumbatia chini sakafuni, huku msimamizi akiuliza kwa sauti nani atamalizia magunia ya leo.

Hospitali walimwachia kidole kidogo cha mwisho. Vinne vilikuwa vimekwenda, na dole gumba likiwa la kwanza.

*

Alipoweza kusimama alikwenda Ofisi ya Bima, jengo la vioo la ghorofa nane. Kwenye dirisha la madai alikuwepo Msabaha. Alimtambua, akautazama mkono uliofungwa.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Nimekuja kudai. Ukurasa wa sitini na moja, nimeshindwa kazi yangu."

"Ni kweli. Ila kwanza kuna siku tisini za kusubiri."

"Najua. Nitasubiri nyumbani."

"Ah, hapana. Siku huhesabiwa ukionekana unasubiri." Akaonyesha kwa kalamu benchi refu ukutani, ambako watu wapatao arobaini walikaa kimya, mwenye gongo, mwenye jicho moja, mwenye mguu wa mti. "Unakuja asubuhi, unakaa, jioni unatia dole kwenye daftari. Siku usipokuja, hukusubiri. Sikukuu, wikiendi na siku za ugonjwa wa Mkurugenzi hazihesabiwi."

"Na muda wote huo sina mshahara."

"Ndiyo maana ya bima ya kulinda kipato, mama. Lazima kwanza kipato kisiwepo." Alisema hayo akitazama mezani. Kisha akasogeza daftari. "Tia dole. La kulia, lilelile lililosaini."

Siwema akauweka mkono wake uliofungwa juu ya daftari. Wakautazama wote wawili.

"Limekwenda na mashine," alisema.

"Lote?"

"Unataka nikuletee robo?"

Msabaha akaenda kwa mkubwa wake, akarudi akiwa amekunja uso. "Mkubwa anasema mwenye bima ni yule mwenye dole lile. Dole lisipokuwepo, mwenye bima hayupo. Labda ulete cheti cha kifo cha dole."

Nawaambieni kama nilivyoambiwa. Siwema hakupiga kelele. Alikwenda kwa mtendaji wa kata, na mtendaji, mtu aliyekuwa ameshaandika mengi, akatoa fomu. Jina la marehemu: Dole. Ukoo: Machano. Umri: miaka arobaini na mmoja. Mahali pa kifo: kazini. Kwenye sababu ya kifo mtendaji akauliza, "Tuandike nini?"

"Andika kikinga kilikuwa ukumbini."

"Hiyo siwezi, dada yangu, ni siasa." Akaandika: uzembe wa marehemu.

Siwema akakipeleka cheti hicho, akaruhusiwa kutia dole la kushoto, akasubiri. Miezi mitano na nusu ilihitajika kupata siku tisini. Alikaa pale benchini na nakala ya mkataba mapajani, akisoma kwa kufuata mstari na kidole cha mkono wa kushoto, na jioni, alipokuwa nyumbani, akijifunza kuandika kwa mkono huohuo juu ya mgongo wa kalenda ya Faki. Herufi zilikwenda kombo, zikapanda zikashuka. Waliokaa naye wakaanza kumuuliza. Mimi nilitia kijani, imeandikwaje? Nami nyekundu, wameniambia sistahili, ni kweli? Akawasomea. Wengine walilia. Mzee mmoja aliyepofuka kwa kuchomelea vyuma alimwomba arudie ukurasa mmoja mara tatu, kisha akasema, "Kumbe mimi si mjinga."

*

Siku ya tisini aliitwa mbele ya Jopo la Uwezo. Wajumbe walikuwa watano, na katikati yao alikaa Mkurugenzi Mkuu Kilua, kitambaa cha hariri mkononi.

"Kazi yako ilikuwa nini, bibie?"

"Kushona midomo ya magunia, mheshimiwa. Mashine namba saba."

"Mashine namba saba," alisema Mkurugenzi akifungua faili, "iliuzwa chuma chakavu baada ya kuharibiwa na mkono wako. Kiwanda hakijaleta nyingine. Kwa hiyo kazi hiyo haipo. Sasa nieleze, mtu anawezaje kushindwa kazi isiyokuwepo? Hata mimi siwezi kuifanya. Je, mimi ni mlemavu?"

Wajumbe wakacheka kwa heshima. Siwema akafungua nakala yake ukurasa wa sitini na moja, lakini Mkurugenzi akamwambia kwamba Jopo halisomewi na wadai.

"Kwa kuwa kazi yako haipo," aliendelea, "Jopo limekuhamishia Faraja ya kawaida, ile ya kazi yoyote. Na kazi tumekutafutia! Serikali inahitaji washangiliaji uwanja wa ndege, wageni wakishuka. Unasimama kivulini, unapiga makofi."

Siwema akainua mkono, bandeji imeshatoka, kidole kimoja kikiwa kimesimama peke yake.

Mkurugenzi aliutazama mkono kwa makini, akashauriana na mjumbe wa kushoto. "Utapiga paja," alisema.

Akatoka nje. Alitembea mpaka nyumbani, mwendo wa saa mbili, na hakumbuki alipita wapi. Alimkuta Faki na Mashavu wakimsubiri. Alichukua kikombe chake cha chai akakitupa ukutani. Alikuwa hajawahi kuvunja kitu kwa hasira maishani mwake.

"Walinikata sukari miaka miwili!" alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nimesoma! Nimechagua! Nimefanya kila walichosema mtu mwenye akili afanye! Na bado wananiambia nipige paja!"

Mashavu akaanza kulia. Faki akanyoosha mkono. "Lete hicho kitabu," alisema. "Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Nimekimaliza mara nne."

"Basi kisome mara ya tano, kwa sauti, na sisi tusikie. Wewe ulikuwa ukisoma panapokuhusu. Soma pasipokuhusu."

Wakasoma kesho yake kuanzia alfajiri, mke anasoma, mume anasuka, rafiki anapika uji. Adhuhuri walikuwa ukurasa wa hamsini na nane, wenye kichwa cha habari Mengineyo, na hapo Faki akaacha kamba.

"Rudia hapo."

Siwema akarudia: "Mdai ambaye hajaridhika na uamuzi hataondoka katika eneo la Ofisi mpaka shauri lake liishe. Ofisi itampa mahali pa kulala na mlo mara mbili kwa siku. Akiomba, Mkuu wa Ofisi atamsomea masharti yote kwa sauti, yeye mwenyewe, bila kuruka."

Baadaye ilijulikana namna kipengele kile kilivyoingia. Waliopewa tenda ya kuandika mkataba waliona uvivu, wakachukua kanuni za magereza, wakafuta neno mfungwa wakaweka mdai. Kazi nzima iliwachukua nusu siku, nao walipewa nishani.

*

Jumatatu asubuhi Ofisi ilipofunguliwa, watu arobaini na watatu, Siwema na wenzake wa benchini, waliingia na mikeka, sufuria, mito na watoto wachanga. Faki aliletwa kwa mkokoteni, Mashavu akisukuma. Walitandika ukumbini, chini ya picha ya Mkurugenzi. Siwema akaenda dirishani.

"Hatujaridhika," alimwambia Msabaha. "Ukurasa wa hamsini na nane. Tutakula maharage, na mkate kwa wasio na meno."

Msabaha akasoma ukurasa huo. Akausoma tena. Kwa mara ya kwanza tangu Siwema amfahamu, pembe ya mdomo wake ilicheza. Akanyanyua simu. "Shikamoo mkubwa. Kuna watu wanadai wafungwe."

Askari wakaja. Mkuu wao akaonyeshwa kipengele kilichoandikwa "hataondoka", chenye mhuri wa taifa. Alikuwa mtu wa kufuata sheria. Akasimamisha askari mlangoni, na kwa kuwa kanuni aliijua vizuri tangu alipofanya kazi magereza, akazuia kila mtu asitoke, akiwemo Mkurugenzi Mkuu, aliyekuwa anashuka kwenda kwenye chakula cha mchana.

"Mnataka nini?" Kilua alifoka.

Siwema alikuwa amekaa mkekani. Hakusimama. Alimnyooshea kitabu kwa mkono wa kulia, kikiwa kimebanwa kati ya kidole kile kimoja na kovu.

"Tusomee."

"Nini?"

"Yote. Kwa sauti, wewe mwenyewe, bila kuruka."

Aligoma saa nzima. Lakini askari walikuwa mlangoni na njaa ilikuwa inamuuma. Akavaa miwani, akaanza. Ukurasa wa pili alikohoa. Wa nne akauliza kama hiki ni Kiswahili. "Endelea, mheshimiwa," walisema wote. Ukurasa wa tisa alikutana na sentensi yenye mistari kumi na saba, akapotea katikati, akairudia mwanzo, akapotea palepale.

"Nani ameandika upuuzi huu?" alisema.

"Sahihi iliyoko chini ni yako," alisema mzee kipofu.

Alisoma mpaka jua lilipozama, akalala mkekani kama wengine, akaendelea asubuhi akiwa na sauti ya chura. Wafanyakazi wa ghorofa zote walishuka wakakaa ngazini kusikiliza. Na wao walikatwa bima, na wao walichagua kwa rangi. Mchana wa siku ya pili alifika ukurasa wa sitini na moja. "Mdai atalipwa," alisoma, "akishindwa kufanya kazi yake, ile aliyokuwa akiifanya siku..." Akasita.

"Malizia," alisema Siwema.

"...siku alipoumia, hata kama kazi hiyo baadaye itaondolewa."

Siwema akasimama.

"Hata kama itaondolewa. Uliandika mwenyewe. Ulikuwa unajua au ulikuwa hujui? Kama ulijua, wewe ni mwizi. Kama hukujua, umekaa ghorofa ya nane miaka kumi na miwili unatia sahihi juu ya maisha ya watu kama mtu anayetemea mate njiani. Mimi niliacha mkono wangu kule. Huyu aliacha macho. Yule pale," akamwonyesha Faki, "mlimwuliza kama anaweza kukaa! Hatukuja kuhurumiwa. Huruma yenu tumeshaikinai. Tulilipa. Lipeni."

Kilua akafuta jasho, kitambaa kikiwa kimeshakuwa rangi ya sakafu. "Leteni mhuri," alisema.

*

Msidhani wote walilipwa. Kati ya arobaini na watatu, wenye fomu nyekundu walikuwa tisa, wakalipwa hao. Wenye kijani na manjano walisomewa kwa sauti nzuri kwamba wanaweza kulinda kuku. Faki hakupata kitu. Mwezi uliofuata Bunge lilikutana kwa dharura likaufuta ukurasa wa hamsini na nane, na benchi likaondolewa ili watu wasipate pa kukaa wakazoea. Dakta Balozi Mstaafu Kilua alipandishwa cheo, akawa Waziri wa Huruma.

Lakini kwenye geti la kiwanda, saa ya chai, mlinzi alianza kulalamika kwamba foleni ya watu wanaotaka kusoma inaziba barabara. Mashavu alikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo, na aliomba abadilishiwe fomu.

Siku Siwema alipokwenda kuchukua malipo yake ya kwanza, Msabaha alimpa bahasha, kisha akasogeza karatasi nyingine kwa aibu.

"Ni utaratibu mpya, mama. Maoni ya mteja. Weka alama tu."

Kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa Nimeridhika. Cha pili, Nimeridhika Sana.

Siwema akaisoma karatasi mpaka chini, kisha akaigeuza akatazama nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Akaomba kalamu, akaishika kwa mkono wa kushoto, akainama. Nyuma yake watu walingoja. Alichukua muda mrefu, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo, na alipomaliza, chini ya visanduku viwili kulikuwa na neno moja lenye herufi kubwa zilizokwenda upande: SIJARIDHIKA.

Msabaha alilitazama. "Mama, kwa hilo hakuna kisanduku."

"Kichore."

Akatazama mlango wa mkubwa wake. Ulikuwa umefungwa. Akafungua droo, akatoa rula, akaiweka kando ya neno lile, akaanza kuchora.